Studio za hapa Tabora, sanamu siyo bibi harusi!

Wakuu salama? Mamodi naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa wapiga picha wa harusi, haya mambo ni tofauti kabisa.

Mimi nauza kazi za mjomba wangu, anachonga mninga na mpingo. Sasa kuna mteja Arusha ana duka la sanaa, ametaka picha za vitu viwili, kichwa cha bibi kizee cha mpingo na kiti cha mgongo mrefu, ule mtindo wa viti vya watemi wa Kinyamwezi (kimoja Wajerumani walibeba enzi zao mpaka leo kipo makumbusho Berlin, ila hiyo hasira ya siku nyingine). Picha za simu kazikataa, anataka za studio, mbele, ubavuni na nyuma. Sawa, nikapakia mzigo kwenye bajaji mpaka studio moja mjini, jina sitaji, ukuta mzima maharusi, wakachukua 60,000 yangu kabla hata ya kuwasha taa.

Aisee. Dogo kaweka kichwa mbele ya pazia jeupe, flashi juu ya kamera, paa, paa, kamaliza. Namwambia, "mdogo wangu, hebu hamisha taa ije ubavuni", ananijibu "braza taa zetu hazihamishwi, ndo seting ya ofisi". Seting ya ofisi!

Yaani mtu analipwa kwa kazi ya mwanga halafu hajui kuwa uchongaji wote unaonekana kwa kivuli. Mjomba amekaa na patasi anachimba makunyanzi ya yule bibi, mengine hayafiki hata milimita tatu, we ukimulika kutoka mbele mwanga unaingia kila mfereji unaujaza, uso unabaki bapa. Taa ikikaa pembeni kila kunyanzi linatupa kivuli chake na mtu anaona mkono wa fundi ulipopita. Upande wa pili unasimamisha kadibodi nyeupe inarudisha mwanga kidogo, kusiwe giza totoro. Kadibodi wakuu, siyo mtambo.

Halafu mpingo ukishapigwa msasa na nta unang'aa, kwa hiyo ile flashi ndogo ikaacha doa jeupe katikati ya paji la uso. Dawa yake ni kuukuza mwanga, tandika bafta nyeupe kubwa kati ya taa na sanamu au geuza taa igonge ukuta mweupe, ule mng'ao unakuwa mpana unafuata shavu taratibu. Kuna na filta ya polaraiza unaizungusha mbele ya lenzi inapunguza mng'ao kwenye mbao. Nilivyoitaja dogo akaniuliza kama nina mafuta ya mtoto tuipake ing'ae zaidi. Nikanyamaza.

Sasa subiri. Kamera ikiwa kwenye oto inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati, ikiona pazia jeupe limejaa inapunguza mwanga, mpingo ambao mweusi tayari unakuwa bonge la giza halina macho. Hapo unaongeza mwanga mwenyewe au unabadili pazia uweke la kijivu, basi. Yeye kaenda kwenye kompyuta kavuta mwanga mpaka mti ukawa rangi ya saruji, halafu, sitanii, KALAINISHA NGOZI. Kile kitufe cha maharusi. Makunyanzi yote kayafuta! Mjomba kuonyeshwa picha akaniuliza "mpwa wangu, huyu nani?" Mteja naye akaandika WhatsApp, hii ni plastiki?

Kiti ndo usiseme. Balbu za njano za darini kaziacha zinawaka pamoja na flashi, rangi ya mwanga wa balbu zile iko kama kelvin 3000 (njano) na flashi 5500 hivi (nyeupe), kamera itamsikiliza nani? Mninga upande mmoja rangi ya chungwa upande mwingine kama una baridi. Zima balbu tu! Na lenzi kaiweka milimita 18, pana kabisa, kasogea mpaka puani, sehemu ya kukalia imevimba mgongo umesinyaa huko juu. Namwambia rudi nyuma uvute zumu, anasema nyuma ukuta (hapo sawa, chumba kidogo kweli, ila si mngeniambia kabla hamjala hela). Mgongo umefifia hauonekani, eti "hiyo bluri ndo fasheni". Kiti hakipepesi macho, hakipumui, weka kamera kwenye stendi, ISO 100 (picha isiwe na chengachenga), f/11 (tundu la lenzi dogo, mbele na nyuma kote kuonekane), shata ikae wazi hata sekunde nzima ikibidi, kila kitu kinatoka safi. Jibu: stendi ni ya video.

Nimedai hela yangu naambiwa picha zimeshatoka. Za nyuma na ubavuni hawakupiga hata moja.

Sasa anayejua chumba chochote hapa Tabora chenye taa inayohamishika na mtu anayesikiliza aniambie hapa hapa, hata kama ni Kigoma napanda treni na kiti changu. Na wale wa "si ununue kamera yako" msijisumbue, au mniambie kabisa hela mnatuma leo au kesho.