Kiuno kinaniuma nikikimbia, shida nini?

Wakuu habari za asubuhi, mi nakimbia Chumbageni mpaka Raskazone hapa Tanga, nikifika kama kilomita 3 kiuno kinaanza kukaza, nikisimama kinaachia. Nifanyeje?

Jibu 1: Pole sana mkuu. Raba zako zina muda gani? Soli ikiisha kishindo chote kinapanda juu, na kama kutwa umekaa kwenye bodaboda misuli ya nyonga inakaza inavuta kiuno, mi ndo kilichonitesa, nikapunguza umbali nikaanza mazoezi ya tumbo ndo nikapona taratibu.

Jibu 2: Na usikimbie umeinama.

Jibu 3: Ila ndugu yangu maumivu yakishuka mguuni au ukahisi ganzi usisubiri, nenda hospitali leo leo.