Mrejesho: kadi za waokoaji zilizogoma bila mtandao

Wakuu, niliuliza kwa nini kadi za kielektroniki za waokoaji zinasomeka hapa Moshi mjini, ila juu Machame mtandao ukikata simu za kusomea zinaandika "cheti si halali". Asanteni sana.

Aliyesema tuangalie saa alipatia. Simu moja betri ikiisha kabisa inawaka na tarehe ya 2015, hivyo cheti (hati ya kidijitali ya kuthibitisha kadi) kilichomo kwenye chipu kinaonekana hakijaanza kutumika. Saa imerekebishwa, tatizo limekwisha.

Simu mbili zilizobaki zilikuwa na orodha ya vyeti vilivyofutwa iliyopitwa na muda, na bila orodha hai simu inakataa kadi. Sasa inapakuliwa asubuhi kabla ya kutoka na kukubalika kwa saa 24. Msiweke siku nyingi: aliyeondolewa kikosini leo, kadi yake itaendelea kupita hadi orodha mpya ishuke.

Kadi 37 kati ya 40 zinasoma. Tatu zimeshindikana kabisa: zilitobolewa tundu la kamba, na tundu limekata waya mwembamba wa antena unaozunguka ukingoni. Hizo ni kutengeneza upya tu. Kamba ifungwe kwenye kava la plastiki, jamani, kadi isiguswe.