Vifupisho vya Premiere Pro havifiki kompyuta ya pili: wingu, flashi au kuhamia Resolve?

Mhariri wa Ntinda
Wakuu, kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), na natumia Premiere Pro. Nyumbani nina laptopu ya Windows, studio tuna mashine ya mezani, nayo ya Windows. Akaunti ni ile ile, lakini vifupisho vya kibodi nilivyojipangia nyumbani havionekani studio. Nabonyeza kitufe cha kukata klipu, kinafanya jambo jingine kabisa, na mteja ameketi pembeni anasubiri. Niendelee na usawazishaji wa wingu (mipangilio kujinakili yenyewe mtandaoni kupitia akaunti), nibebe kwa flashi, au nihamie DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video? Anayefanya kazi kwenye mashine zaidi ya moja anisaidie.

Fundi Jinja
Kaka, kabla hujachagua, angalia tarehe ya mashine ya studio. Kompyuta nyingi tunazonunua mjini ni mitumba, na kile kibetri cha duara kinachotunza saa, kilichoandikwa CR2032, kimeshakwisha. Umeme ukikatika, ukija kuwasha unakuta tarehe imerudi nyuma miaka. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikiamini kwamba tuko mwaka 2015, inakiona cheti hakijaanza kutumika na inakataa kuunganishwa. Hapo mipangilio haipandi wala haishuki, hata bando liwe limejaa.

Pia VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, inaweza kuzuia muunganisho. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, wengi tunaiacha VPN imewashwa kutwa. Izime, toka kwenye akaunti, ingia upya, ndipo ujaribu tena.

Dada wa Mbale
Mimi nasema flashi, na sibadili neno. Bonyeza Ctrl+Alt+K, hifadhi mpangilio wako kwa jina lako mwenyewe. Kisha fungua Documents, Adobe, Premiere Pro, namba ya toleo, folda inayoanza na Profile, halafu Win. Faili lako ni lile linaloishia na .kys. Ni maandishi matupu, halina uzito wowote. Linakili mahali pale pale kwenye mashine ya pili, washa programu upya, lichague kwenye orodha iliyo juu ya dirisha la vifupisho.

Wengi hukwama kwenye folda ya Profile. Ukiwa umeingia kwenye usawazishaji, inayotumika ni Profile-CreativeCloud-; ukiwa umetoka, ni Profile- pamoja na jina la mtumiaji wa mashine. Ukiweka faili kwenye ile isiyotumika, utalitafuta kwenye orodha usilione. Na kama Windows imehamishia Documents ndani ya OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, anzia huko.

Mhariri wa Gulu
Dada amesema vyema, ila wingu lina faida yake kwa mtu mwenye mashine mbili za mfumo mmoja na akaunti yake peke yake. Kuwa makini tu linapokuuliza upakie au upakue: ukiwa kwenye mashine ambayo haijapangwa ukachagua kupakia, unaifunika kazi yako nzuri iliyoko juu. Ukichanganya Mac na Windows, usilitegemee kwa vifupisho, maana havivuki kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Kijana wa Arua
Resolve ni nzuri, na toleo la bure linatosha kwa harusi. Lakini usihame kwa sababu hii. Blackmagic Cloud, iliyokuja na Resolve 18 mwaka 2022, ni ya kushirikiana kwenye miradi. Vifupisho bado utavitoa kama faili na kuvibeba mwenyewe. Utarudi kwenye flashi ile ile. Nafuu yake ni kwamba ndani mna vifupisho vya mtindo wa Premiere tayari.

Mhariri wa Ntinda
Asanteni sana. Tarehe ya studio ilikuwa imerudi nyuma kweli. Nimeirekebisha, akaunti imeingia, na kibetri kipya nitakinunua leo. Faili la .kys nimelinakili pia, sasa liko kwenye flashi ninayobebea kazi za wateja. Dada, na mpangilio wa madirisha je? Nyumbani nina skrini moja, studio mbili.

Dada wa Mbale
Huo uko kwenye folda ya Layouts, ndani ya Profile hiyo hiyo. Lakini kwa skrini tofauti nakushauri usiubebe: tengeneza mmoja nyumbani na mwingine studio, kila mmoja kwa jina lake.