Mrejesho: mashine ya kukereza nimeichukua, ya kutoboa nimeiacha

Niliwauliza kama inafaa kununua mashine mbili za kufanyia kazi chuma zilizokwishatumika, ya kukereza (inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga) na ya kutoboa, kwa ajili ya karakana ya nyumbani. Kama mlivyonishauri, niliomba ya kukereza iwashwe mbele yangu, nikakereza kipande na kukipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi: tofauti ya unene kati ya ncha zake ilikuwa ndogo, ingawa reli zimelika kidogo karibu na taya zinazoshika kipande, mahali ambapo mashine hizi huchakaa kwanza kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo. Mota ni ya fezi tatu, hivyo nitafunga kigeuzi cha umeme ili itumie umeme wa nyumbani wa fezi moja, gharama ambayo, namshukuru muuzaji, ilipunguzwa kwenye bei. Ya kutoboa, spindeli yake (mhimili unaozungusha keekee) ilicheza hata kwa kusukumwa na kidole, na rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu haikunishawishi.