Sanamu ya kauri yenye sketi ya lesi: nisafishe vipi?

Assalaam alaykum jamani. Nina sanamu ya mcheza balei, ya Dresden, mji wa Ujerumani. Dirisha langu Shangani linatazama bahari, vumbi limegandana na chumvi. Nifute kwa kitambaa?

— Waalaykum salaam. Usifute kabisa! Lesi ile ilikuwa kitambaa halisi, kikachovywa kwenye udongo wa kauri wa majimaji. Tanurini nyuzi zikaungua, ukabaki udongo mwembamba kama ganda la yai. Kitambaa kikinasa tundu moja tu, pindo linakatika. Brashi laini ya kuchorea, taratibu.

— Chumvi haitoki kwa brashi kavu. Lowesha ncha kwa maji baridi, si ya kisima chenye chumvi. Sanamu usiizamishe: maji hubaki ndani. Kama ina mapambo ya dhahabu, usiyasugue, hubanduka.

— Kisha iwekwe kabati la vioo, mbali na dirisha.