Nani aliamua kwamba lengo letu ni "kubaki ligi kuu"?

Mwana_wa_Uyole

Wakuu salama? Nina jambo limenikaa kooni muda mrefu, naomba tulijadili bila kutukanana.

Kuna msimu mmoja nilienda uwanja wa Sokoine hapa Mbeya mechi ya mwisho ya ligi, nimeongozana na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 7, baridi ya Mbeya mwezi wa sita mnaijua wenyewe, mtoto kavalishwa sweta mbili na kofia ya kufuma mpaka shingo haigeuki. Timu ya nyumbani ikatoa sare, watu wanasikiliza matokeo ya viwanja vingine kwenye redio za simu, mara ikathibitika kwamba hatushuki daraja. Aisee uwanja ulilipuka, vuvuzela kila kona, watu wako juu ya fensi, kipa anabebwa juujuu hadi kiatu kimoja kikadondoka na hakikuonekana tena. Mtoto akanivuta mkono, baba mdogo kombe liko wapi? Nikamwambia hamna kombe, tumebaki ligi kuu. Akanyamaza, halafu akauliza, kwani tulikuwa tunaondoka?

Sikuwa na jibu mpaka tunafika Kabwe kupanda daladala.

Sasa hapo ndo swali langu lilipo. Huku kwetu siyo kwamba ubingwa hatujawahi kuuonja. Tukuyu Stars walibeba 1986, Majimaji ya Songea wakabeba 1998, na Mbeya City msimu wa 2013/14 walipanda tu wakamaliza wa tatu, Simba yuko nyuma yao. Lakini siku hizi mwanzo wa msimu ukimsikiliza kiongozi wa timu ya huku anakwambia lengo letu ni kubaki ligi kuu, mengine majaliwa. Njombe Mji walikaa msimu mmoja tu 2017/18, KenGold ya Chunya nao msimu mmoja 2024/25. Unalenga kubaki na kubaki kwenyewe hubaki.

Nawaulizeni, njaa ya kushinda kwenye klabu inatoka wapi? Kwa mwenye timu, kwa kocha, kwenye hela, au sisi mashabiki ndo tumezoea?

Kijana_wa_Mafiati

Hela tu mkuu, usijisumbue kuwaza sana. Simba kaingia tajiri Mo Dewji wakabeba ligi mara nne mfululizo kuanzia 2017/18, Yanga wakapata nguvu ya kampuni ya GSM nao wakabeba nne mfululizo kuanzia 2021/22. Sisi huku mwenye timu ni halmashauri, jeshi au mfanyabiashara mmoja, unashindana vipi na watu ambao mshahara wa mchezaji wao mmoja unalipa kikosi chako chote?

Dada_Mwanjelwa

Kijana hapo nakukubalia nusu. Hela lazima iwepo, mimi nauza nguo sokoni najua mtaji ni nini. Ila Azam je? Familia ya Bakhresa, uwanja wao wenyewe Chamazi, mishahara haichelewi, walipanda 2008, na mpaka leo wana ubingwa wa ligi mmoja tu, ule wa 2013/14 ambao walikuja kuumalizia hapa hapa Sokoine kwa kuwafunga Mbeya City 2-1. Siwasemi vibaya, ni timu naiheshimu sana. Ila kama hela peke yake ndo ingekuwa inabeba makombe, Simba na Yanga wa Kariakoo wangeshanyamaza zamani. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zina kitu Azam hawana, Yanga akifungwa Jumamosi basi Jumatatu kiongozi wake hapiti sokoni kwa amani. Kuna mtu anamdai. Azam akifungwa nani anamdai?

Mimi ni Man U tangu nasoma sekondari, mniwie radhi kwa maumivu nitakayoyaandika hapa. Wale akina Glazer waliinunua timu 2005 na sehemu kubwa ya hela ilikuwa mkopo, deni likaenda kukaa kwenye kichwa cha klabu yenyewe. Klabu ilikuwa haidaiwi, wakaifanya idaiwe ili wao waimiliki. Pamoja na hayo tukabeba ligi 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na Ulaya 2008 tukachukua. Kwa sababu kocha Ferguson alikuwepo. Yule mzee alikuwa hakubali sare wala kusikia habari ya "tumepambana", mchezaji akishaanza kuridhika anauzwa hata awe nyota. 2013 akastaafu, na David Gill aliyekuwa bosi wa ofisi akaondoka kiangazi hichohicho, na toka siku hiyo ligi hatujaiona tena. Hela imemwagwa jamani, wachezaji wa bei za kutisha wameletwa, ligi hamna.

Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba njaa ilikuwa inakaa ndani ya mtu, ofisini hakuna aliyekuwa nayo. Mtu akaondoka nayo. Mwenye timu alikuwa anapokea gawio lake tu na timu ikimaliza ya sita yeye halali njaa.

Banyambala_Mkongwe

Wanangu ugonile. Nimesoma yote nikaona niseme kidogo maana 1986 nilikuwa kijana wa miaka 19.

Tulikuwa tunatoka Kiwira tumekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye lori tunakwenda Mbeya kuangalia mpira, mvua ikinyesha tunajifunika majani ya migomba, ukifika mjini umelowa na utomvu umeganda kwenye shati, na utomvu wa ndizi hautoki, mama alikuwa ananigombeza kila Jumapili. Tukuyu Stars ilikuwa ndo kwanza imepanda. Sikilizeni vizuri, imepanda mwaka uleule na ikachukua ubingwa mwaka uleule. Mimi sikumbuki mtu hata mmoja kule kwetu Rungwe aliyesema tukae tu tujifunze kwanza ligi. Hilo neno halikuwepo. Watu walikuwa wanauliza Yanga anakuja lini tumpige.

Mwenye timu alikuwa nani? Ilikuwa ni ya watu. Mwenye ng'ombe anatoa ng'ombe, mwenye chai anatoa hela ya chai akishapeleka kiwandani. Haikudumu, hilo nalikubali na linaniuma hadi leo, kwa sababu michango ya moyo ukichoka inakatika. Lakini msiniambie njaa inanunuliwa.

Mnyalu_Kihesa

Kamwene wote. Mzee Banyambala shikamoo.

Mimi nipo Iringa, Lipuli ndo timu yangu. 2019 tulifika fainali ya kombe la shirikisho la hapa nchini, tukaenda mpaka Lindi kucheza na Azam tukafungwa moja bila. Moja bila! Tulibakiza hatua moja kwenda kimataifa. Msimu uliofuata tukashuka daraja. Yaani kutoka mlango wa Afrika mpaka daraja la chini ni msimu mmoja tu, na watu wa uwanja wetu wa Samora mpaka leo ukitaja Lindi wanabadilisha mada.

Ila nataka niwasimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu, timu siitaji, ni ya daraja la chini huku nyanda za juu na viongozi wake wengine bado wapo. Nilikuwa mtunza vifaa. Vifaa vyenyewe ni mipira mitano ya wachezaji 26, miwili ina uvimbe ubavuni kama mtu mwenye jino bovu, nilikuwa naijaza upepo asubuhi saa kumi na mbili kwenye gereji ya pikipiki ili ifike saa tatu haijaisha. Pamoja na shida zote vijana wakawa wanashinda. Ikafika mechi tatu za mwisho tuko wa pili, tukishinda mbili tunapanda.

Jioni moja kiongozi akaja kambini. Kambi ni nyumba ya kupanga vyumba vitatu, vijana wanalala wanne wanne. Akawakusanya sebuleni, mimi niko koridoni nakunja jezi, akawaambia vijana mmefanya kazi kubwa sana, tunawashukuru, sasa msijiumize, kwa sababu ligi ya juu gharama zake ni kubwa, usafiri wa Kagera na Kigoma hatuna hela yake, bora tumalize wa tatu au wa nne tujipange mwakani. Nawaapia. Kuna kijana mmoja beki wa kushoto alikuwa anakula ugali, aliliweka lile tonge chini kwenye sahani akamwangalia tu. Hakuuliza swali, hakuna aliyeuliza. Tukafungwa mbili tukatoa sare moja. Mwakani nusu ya wale vijana wakawa hawapo, yule beki nasikia anaendesha bodaboda Makambako.

Kwahiyo Kijana wa Mafiati anaposema hela, kweli ile timu haikuwa na hela. Lakini hela haikutafutwa! Hakuna aliyekwenda kwa wafanyabiashara wa mbao Mafinga kuwaambia tunapanda tusaidieni, hakuna aliyetangaza kwa wananchi. Waliona kupanda ni mzigo. Mwenye timu akishaogopa ushindi, kocha uliyenaye hata awe nani amekwisha.

Kijana_wa_Mafiati

Duh. Hiyo ya kuambiwa msijiumize imenikata maini mkuu. Pole sana.

Mpunga_Mbarali

Na mimi wa Ubaruku niseme. Novemba 29, 2022 nilikuwa uwanja wa Highland Estates siku timu yetu Ihefu inampiga Yanga 2-1, Yanga ana mechi 49 za ligi hajafungwa. Tulikuwa na kila kitu ambacho Mwana wa Uyole anakiuliza, mwenye timu ana nia, wachezaji wana moyo, mashamba ya mpunga yalibaki hayana mtu siku ile. Usiku hakuna aliyelala, wazee walikaa barazani mpaka saa nane.

Halafu timu ikahamia Singida, na 2024 jina likabadilishwa ikawa Singida Black Stars. Kisheria hakuna kosa, mali ya mtu anaipeleka anakotaka. Lakini mimi ile jezi ya Ihefu ninayo sandukuni na sijui niivae nikiwa naishangilia nani. Ndo maana nasema swali la njaa lisitangulie swali la timu ni ya nani. Unaweza kuwa na tajiri mwenye njaa kabisa, akaondoka nayo kama Ferguson wa Dada Mwanjelwa, ila huyu anaondoka na timu nzima pamoja na nafasi yenu ya ligi kuu.

Dada_Mwanjelwa

Mpunga umenena, hilo nililiruka. Wajerumani ndo wamelifunga hili, kule wanachama lazima wabaki na zaidi ya nusu ya kura kwenye klabu isipokuwa chache zilizoruhusiwa. Bayern asilimia 75 ni ya wanachama, robo iliyobaki wamegawana Adidas, Audi na Allianz. Na hakuna mtu atasema Bayern hawana njaa, wale wakikosa ubingwa mwaka mmoja ni msiba. Kwa hiyo kumbe wananchi kuwa wenye timu na timu kuwa na hela vinakaa nyumba moja. Hata kwetu mfumo uliokubaliwa Simba ni wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49. Kwanini huku tunadhani ni lazima tuchague, au iwe ya serikali au ya tajiri mmoja?

Mwana_wa_Uyole

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mnyalu hiyo habari ya yule beki nimeshindwa kula.

Ngoja nirudi kwa Mbeya City ya 2013/14 maana ndo niliyoiona kwa karibu. Ilikuwa ya halmashauri ya jiji vilevile, haikuwa na tajiri, haikuwa na nyota wa kununuliwa, kocha Juma Mwambusi na vijana ambao ulikuwa unakutana nao mtaani. Mbona walikuwa wanamtisha kila mtu? Nadhani ni kwa sababu mji mzima uliamka nayo, mabasi ya mashabiki yalikuwa yanakwenda hadi Dar, mchezaji akizubaa anasikia jina lake linaitwa jukwaani na mtu anayemjua mama yake. Halafu 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga na Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga kuwa msaidizi, na siwalaumu, kila mtu anatafuta maisha. Ila sisi tuliobaki tulikuwa na wajibu wa kudai, na hatukudai. Viongozi wa umma wanahamishwa kila baada ya miaka michache, aliyekuja hakuwepo kwenye ile furaha, hajui kwamba hii timu ilimaliza juu ya Simba, anaikuta kwenye bajeti katikati ya taka na barabara. Asipoambiwa na sisi ataambiwa na nani?

Kwahiyo jibu la mtoto wa kaka yangu nimelipata nusu. Siku ile na mimi nilikuwa juu ya fensi nashangilia. Nilishangilia kutoondoka.

Jumapili hii tawi letu la mashabiki hapa Uyole lina kikao, kiongozi mmoja wa timu ameahidi kuja. Nitasimama kumuuliza swali moja tu, msimu ujao mnataka nafasi ya ngapi, aitaje namba. Akiitaja tunaiandika kwa rangi kwenye mlango wa tawi, kubwa, isomeke kutoka barabara ya Tanzam.

Banyambala_Mkongwe

Na akisema ya kumi?

Mwana_wa_Uyole

Tunaiandika hiyohiyo mzee wangu. Aipite kila siku akienda kazini.

Dada_Mwanjelwa

Kikao saa ngapi? Jumapili nafunga saa nane, nikipata Noah ya haraka saa tisa nipo Uyole.