Acheni kuwalisha marehemu maneno, halafu tukiuliza mnatuita hatuna adabu

Wakuu, heshima kwenu. Nimekasirika na sitaficha.

Kwenye grupu letu la ukoo kuna mkubwa wetu mmoja, kila alfajiri lazima arushe picha yenye nukuu. Juzi karusha Mandela na lile shati lake la maua, pembeni njiwa na mawaridi, chini maandishi mekundu: "Hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa kuwa ana hekima." Hiyo ni Mithali 17:28! Imo kwenye Biblia anayokwenda nayo kanisani kila Jumapili. Nikaanza na shikamoo, nikauliza kwa upole: baba mkubwa, haya Mandela aliyasema wapi? Jibu: "Vijana wa siku hizi mmekosa adabu, mkubwa haulizwi." Wenzake wakamimina vikaragosi vya kupiga makofi, kisha admini akanitoa.

Adabu gani hiyo? Mimi nimelelewa kupokea kitu kwa mikono miwili, kumpisha mkubwa kiti, kutomkatiza anaposema. Nayashika mpaka leo na wanangu nawafundisha. Lakini wazee waliotulea hivyo, wakitoa methali walitanguliza "wahenga walisema", basi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwenye andiko lake la ujamaa la 1962, alipotumia "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" alisema wazi kuwa ni msemo wa Waswahili. Leo msemo huohuo unazungushwa na picha yake kana kwamba kautunga yeye. Na ndugu zetu Waislamu hadithi hawaipokei hivihivi, wanataka isnadi, nani kasikia kwa nani. Mbona huko kuuliza si utovu wa adabu?

Kinachoniuma zaidi, maneno yao ya kweli yapo na hakuna anayeyarusha. Mwaka 1959 Mwalimu alisema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, ulete heshima palipojaa dharau. Mandela 1964 alisimama kizimbani Pretoria, akijua anaweza kunyongwa, akasema kwa anachokiamini yuko tayari kufa. Mnayaacha hayo, mnatuletea Nyerere anayefundisha wake za watu namna ya kumwandalia mume maji ya kuoga! Mwalimu kafariki 1999, atakanushaje?

Sasa jambo limefika mbali. Binti wa ukoo anamaliza chuo, na kamati ya sherehe imeamua kadi ziandikwe ile ya "hofu yetu kuu si kwamba hatuna uwezo", eti Mandela aliitoa siku anaapishwa, Mei 1994. Hotuba ile ipo nzima, isomeni, hayamo. Maneno hayo ni ya mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, yako kwenye kitabu chake cha 1992. Ni mazuri, yaandikeni, ila wekeni jina la aliyeyasema. Nimempigia mwenyekiti wa kamati, kaniambia nisiwavunjie wazee heshima kwa jambo dogo. Msomi atasimama mbele ya walimu wake na uongo mkononi, na hilo ni jambo dogo?

Mwenye njia ya kuwafikia hawa watu wakasikia aniambie leo. Kadi zinachapwa wiki hii na jina la Mandela bado limo.